Namba Iliyokataa Kushuka

"Arobaini na sita," Prudensia Kamugisha alisema kwenye simu. "Flaviana, una uhakika sampuli haikuchafuka?"

"Tumemtoa damu jana mara mbili, dada. Ya kwanza kidoleni, ya pili kwenye mshipa. Zote zimekuja juu."

Prudensia aliivuta faili iliyokuwa chini ya kikombe cha chai. Ilikuwa Jumanne ya pili ya Oktoba 2018, saa tatu kasoro asubuhi, na wenzake katika idara ya afya ya kaunti walikuwa ndiyo kwanza wanafungua kompyuta zao. Juu ya faili kulikuwa na jina la mtoto: Jeannette, umri miaka miwili na miezi mitatu, anaishi Arlington, Texas, wazazi wakimbizi wa zamani kutoka Burundi. Chini ya jina kulikuwa na namba ya mwezi wa nane, kiasi cha madini ya risasi kilichokutwa kwenye damu yake. Thelathini na moja. Mtoto wa umri ule hatakiwi kufika hata tano.

Kazi ya Prudensia ilikuwa kutafuta sumu inatoka wapi, kisha kuhakikisha inaondolewa. Mwezi wa nane alikuwa ameikagua nyumba hiyo kwa saa nne. Ilikuwa ghorofa ya mwaka 1999, na rangi ya ukutani haikuwa na kitu. Mabomba nayo yalikuwa safi. Alichukua sufuria ya zamani ya bibi wa mtoto na udongo ambao mama mtu alikuwa akiula alipokuwa mjamzito, akavipeleka maabara. Akaagiza zulia lifuliwe. Baada ya hatua hizo namba ilipaswa kushuka, angalau kidogo.

"Kuanzia arobaini na tano tunalaza," Flaviana aliendelea. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto, mtu wa Moshi, na hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. "Daktari anataka afikishwe hospitali leo hii. Nimempigia mama yake, ameomba ruhusa hotelini anakofanya kazi. Ila kuna kitu nataka ukijue kabla hujaenda. Nilipokuwa namshika kichwa niliona chenga kwenye misuko yake. Za kahawia, ndogondogo. Nikadhani ni biskuti. Nikazisugua, zikakwaruza kama mchanga."

"Umezihifadhi?"

"Ziko kwenye kikopo. Nimeandika jina na saa."

"Upande gani wa kichwa?"

Flaviana alifikiri. "Kisogoni. Na nyuma ya sikio la kulia."

Prudensia aliandika: *kisogo, sikio la kulia*. Akachukua begi lake la vifaa, akatoka.

*

Marguerite alifungua mlango kabla hajagonga mara ya pili. Alikuwa na miaka sitini na minane, mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani na mjukuu yuko mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na ile bastola yako?"

"Si bastola, mama. Ni mashine ya kupimia."

"Ina mdomo kama bastola," Marguerite alisema, akampisha.

Jeannette alikuwa macho. Mwezi wa nane alimfuata Prudensia chumba hadi chumba akisema "kuja, kuja," akidai kushika tochi. Leo alimtazama tu. Alishushwa kwenye mkeka, akakunja magoti na kubana tumbo kwa mikono miwili, bila kulia.

"Hasemi?" Prudensia aliuliza.

"Ameacha. Alikuwa anasema bibi, maji, apana. Apana ndiyo alilipenda sana. Sasa wiki mbili, tatu, kimya." Marguerite alikaa karibu na mtoto. "Sufuria yangu mmekuta nini?"

"Haina kitu, wala udongo ule. Nimekurudishia, iko kwenye gari."

"Nilisema. Nimepikia watoto sita kambini kwa sufuria ile."

Prudensia alivaa glovu na kutandaza ramani ya nyumba juu ya meza. Ilikuwa imechorwa kwa mkono, na kila mahali alipopangusa vumbi mwezi wa nane palikuwa na namba. Madirishani, kidogo. Mlangoni, kidogo. Jikoni chini ya jiko, nyingi. Kwenye zulia la sebuleni, nyingi sana. Wakati ule aliamini ni vumbi lililoletwa na viatu vya Macaire, baba wa mtoto, kutoka kwenye ghala analofanyia kazi. Alikwenda hadi ghalani. Walikuwa wanapakia taulo na mashuka.

Alipiga magoti jikoni, akavuta droo iliyo chini ya oveni, akamulika nyuma yake. Kulikuwa na mfuniko wa chupa, punje za maharage, na kitu kilichong'aa kwa rangi ya dhahabu. Alikivuta kwa koleo.

Lilikuwa ganda la risasi, fupi kuliko kidole gumba, limesuguliwa mpaka unajiona ndani yake. Kwenye kitako chake, kile kidude kidogo kinachogongwa na bunduki, fataki yenyewe, kilikuwa bado kipo, na katikati yake kuna kishimo cha kugongwa. Lilikuwa limeshapigwa.

Prudensia aliliweka kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kukaa mkekani mbele ya Marguerite.

"Mama, mwezi wa nane nilikuuliza kama kuna risasi humu ndani."

"Nikakwambia hakuna. Na hakuna. Macaire hana bunduki. Sisi tumekimbia bunduki miaka yote hiyo, tuzilete hapa za nini?"

Kalamu ya Prudensia ilisimama. Katika fomu ya mwezi wa nane, mahali palipouliza juu ya vyanzo vya risasi nyumbani, aliandika kwa mkono wake mwenyewe: *Bibi anasema hakuna.*

"Mimi nilikuuliza madini," alisema taratibu. "Risasi ile ya kuyeyuka. Iko kwenye betri za gari, kwenye rangi za zamani."

"Risasi ni ile ya kuua watu. Nyingine siijui."

"Na hili?" Aliinua mfuko.

Marguerite alilitazama ganda, kisha mlango. "Hilo si risasi. Hilo ni ganda tu. Risasi imeshatoka." Akamvuta mjukuu karibu. "Macaire alisema nisimwambie mtu."

"Mama, mtoto analazwa leo. Namba imepanda. Nikiondoka hapa bila kujua, itapanda tena."

Marguerite alimfunika mjukuu miguu kwa pindo la kitenge, akaanza kusema.

Macaire alikuwa akiyaleta kwenye mfuko, meusi, yananuka baruti. Yalikuwa ya rafiki yake wa kanisani. Rafiki huyo alimpa na mashine yenye bakuli linalotetemeka. Macaire aliyamwaga maganda humo pamoja na kitu kama pumba, akaiwasha, ikatetemeka saa tatu, nne, ndani ya kabati la nguo ili majirani wasisikie. Pumba zile ndizo zilizoyasugua. Yakitoka yalikuwa yanawaka kama pete.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Mimi nilichekecha." Marguerite alisema kwa mikono pia, akashika chekeche lisilokuwepo na kulitikisa. "Macaire akienda kazini ananiachia. Nakaa hapa mkekani, nachekecha, pumba zinashuka kwenye beseni, maganda yanabaki juu. Kisha nachukua moja moja, nagonga, maana chenga zinaingia ndani. Na nyingine zinakwama kwenye tundu la kitako, kwa yale yaliyong'olewa fataki. Hizo nazitoa kwa sindano. Yaliyokuwa na madoa sana nayaosha kwa ndimu na sabuni, nakausha kwenye oveni. Nilikuwa nafanya mfuko mzima kwa asubuhi moja. Rafiki yake alishangaa. Alisema mwanao ana mashine mbili."

"Vumbi lilikuwa linatoka?"

"Kama unapepeta mtama."

"Na Jeannette?"

"Yuko na mimi. Atakuwa wapi? Hapa mkekani au mgongoni. Alipenda kuyapanga, mstari, mstari. Alikuwa anayatia mdomoni, nikamkataza."

Prudensia aliandika kila neno. Kisha akauliza swali lililobaki.

"Mama, kazi hiyo iliisha lini?"

"Siku ile barua yako ilipofika, ya kusema unakuja kukagua. Macaire aliogopa. Jioni ileile akapakia mashine na maganda yote akamrudishia mwenyewe. Halijaingia ganda lingine tena."

Barua ilitumwa tarehe kumi na tatu Agosti. Zulia lilifuliwa tarehe ishirini na moja. Tangu hapo, wiki saba. Mtoto aliyeondolewa kwenye vumbi wiki saba namba yake hushuka, hata kama polepole. Hii ilikuwa imepanda kwa kumi na tano. Basi sumu haikuondoka. Tena ilikuwa imesogea karibu zaidi na mtoto kuliko ilivyokuwa mwanzo.

"Anakaa wapi muda mrefu zaidi kwa siku?"

"Mgongoni kwangu."

"Ukimtua?"

"Kitandani. Analala sana siku hizi."

Prudensia alisimama. Kisogo. Sikio la kulia. Aliingia chumba cha kulala akiwa na mashine mkononi, na Marguerite akamfuata.

Kitanda cha mtoto alikuwa amekipima mwezi wa nane, mbao na godoro, havikuwa na kitu. Alivipima tena. Havikuwa na kitu. Kisha akaweka kiganja juu ya mto. Ulikuwa mdogo, wa kitambaa cha maua ya njano, umeshonwa kwa mkono kwa mishono mifupi iliyonyooka. Ulitoa sauti ya kuchakarika. Hakuwa ameuona mto huo hapo awali.

Alielekeza mdomo wa mashine, akabonyeza. Sekunde tatu. Mashine ililia mara mbili na kioo kikawa chekundu.

"Mama, huu mto umeujaza nini?"

"Zile pumba," Marguerite alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulifunguka. "Macaire aliziacha kwenye mfuko wa takataka. Nikasema haiwezekani, vitu vizuri hivi, havina hata mdudu mmoja. Mto wa dukani unamtoa jasho. Huu una ubaridi. Niliushona baada ya wewe kuondoka, na tangu hapo analala bila kusumbua."

Prudensia alifungua mfuko mkubwa, akauingiza mto, akakunja mdomo wa mfuko mara tatu na kuubandika utepe. Kwenye kona ya mto mshono ulikuwa umeachia, na chenga kadhaa za kahawia zilibaki kwenye shuka, mahali palipokuwa na alama ya kichwa. Akalitia shuka nalo kwenye mfuko.

"Utaurudisha lini?" Marguerite aliuliza. "Hawezi kulala bila huo."

*

Macaire alitoka ghalani saa sita na nusu akiwa bado amevaa fulana ya kung'aa. Marie-Rose, mkewe, alikuwa ameshampigia simu kwamba yuko njiani na mtoto kwenda hospitali. Alisimama kando ya gari la Prudensia kwenye maegesho, jua likimpiga usoni, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mto," alisema.

"Na kazi yote ya miezi mitano kabla ya mto. Kwa nini hukuniambia mwezi wa nane?"

"Dada, karatasi zangu za uraia ziko mezani kwa mtu. Unakuja na kitambulisho cha serikali, unauliza risasi. Mimi ni Mrundi, nimekaa kambini miaka kumi na minne. Nikuoneshe mfuko wa maganda ya risasi? Ungeandika nini?"

"Ningeandika vumbi."

"Sikujua kwamba unatafuta vumbi."

Lori lilirudi nyuma kuelekea mlango wa ghala, likapiga kengele. Macaire alingoja linyamaze.

"Maganda ni ya nani?" Prudensia aliuliza.

"Ni ya kaka Ambilikile. Usimtafute kwa ubaya. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Nilipofika Texas sijui hata ku-drive, alikuwa ananipitia kila asubuhi. Akaniomba jambo moja tu. Ana hobby yake ya kulenga shabaha, anatengeneza risasi zake mwenyewe. Anaokota maganda, anayasafisha, anayajaza upya. Akasema kusafisha kunamchosha. Ningemkatalia vipi?"

"Alikwambia vumbi lile lina sumu?"

Macaire alitafuta kwenye kumbukumbu zake, na ilionekana alitamani apate. "Aliniambia nifanyie nje."

"Nje wapi?"

"Nilidhani ni kwa sababu ya kelele," Macaire alisema.

*

Prudensia alimjua Ambilikile kwa sura. Watanzania wa Arlington na Fort Worth hukutana kwenye misiba na harusi, na yeye ndiye aliyekuwa akichoma nyama. Alikuwa mhandisi wa mitambo, mtu wa Tukuyu, na siku hiyo alifanyia kazi nyumbani. Alimpokea kwa shangwe mpaka alipouona mfuko wenye ganda. Akamwongoza gereji.

Ilikuwa gereji safi kuliko jiko la watu wengi. Kwenye benchi kulikuwa na mashine ya mkono ya kukandamizia, imefungwa kwa bolti. Makopo ya baruti yalikuwa ndani ya kabati lenye kufuli. Maganda yalipangwa kwenye visanduku kwa ukubwa, yakiangalia juu. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na bakuli la plastiki la buluu juu ya mota, limefunikwa kwa gazeti.

"Hiyo ndiyo aliyokuwa anatumia Macaire?"

"Ndiyo hiyo. Ina shida?"

"Nieleze unavyofanya."

Alieleza vizuri, kama mtu anayependa kuulizwa. Ganda likishapigwa linabaki na masizi ndani na nje. Usiposafisha, linakwaruza chuma unapolisukuma kwenye mashine, na huwezi kuona kama lina ufa. Ganda lenye ufa linaweza kukupasukia usoni. Kwa hiyo unalisugua. Chenga zile ni kokwa za jozi, walnut, zilizosagwa, zinauzwa kwenye maduka ya wanyama, watu huwatandikia mijusi wanaowafuga.

"Na masizi yale yanakwenda wapi?"

"Yananaswa na zile chenga."

"Masizi ya fataki yana risasi ndani yake. Madini."

"Yana," Ambilikile alisema.

Prudensia aligeukia benchi. Mwishoni mwake kulikuwa na mashine nyingine, mpya, ya pipa la duara, na pembeni yake ndoo ya sindano ndogondogo za chuma.

"Hii je?"

"Hii natumia sasa. Unaweka maji, sabuni, na hizo sindano. Haina vumbi kabisa. Unamwaga maji machafu, unakausha."

"Kwa nini ulibadilisha?"

Mlango wa kuingilia ndani ulikuwa umefunguka, na Clara, mkewe, alikuwa amesimama kizingitini na mtoto mchanga begani. Alikuwa mfamasia, bado yuko likizo ya uzazi. Alimsalimia Prudensia kwa kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia abadilishe," Clara alisema. "Nilikuwa na mimba. Nikasoma kwenye mtandao juu ya lile vumbi, nikamwambia siitaki ile mashine chini ya paa langu."

"Ulimwambia lini?"

"Februari. Nakumbuka kwa sababu ndiyo wiki niliyofanya ultrasound ya kwanza."

Prudensia alimgeukia mume. "Macaire alianza lini?"

Ambilikile aliiokota bolti kwenye benchi, akaiweka tena. "Machi."

Clara alimtazama mumewe. "Uliniambia umeitupa."

"Mashine mpya ilikuwa haijaagizwa bado. Nilikuwa na maganda mengi yamerundikana. Na nilimwambia afanyie nje, Clara. Nilimwambia kabisa, do it outside."

"Wanaishi ghorofa ya pili," Prudensia alisema. "Umewahi kufika kwao?"

"Nilikuwa namshusha pale chini kila siku."

Mtoto mchanga alipiga chafya. Clara alimfunika uso kwa kitambaa, akarudi ndani haraka, akafunga mlango. Prudensia alipangusa vumbi kwenye bakuli la buluu, akaweka sampuli kwenye chupa, akaandika tarehe na saa. Alipiga picha. Alimtaka Ambilikile atie sahihi.

Akasoma karatasi yote kabla ya kusaini. "Kuna sheria niliyovunja?"

Prudensia alikuwa ameshalitafuta jibu la swali hilo garini. Maganda ni mali halali. Kuyasafisha nyumbani ni halali. Kumpa rafiki ayasafishe hakumo kwenye kitabu chochote ambacho idara yake ingeweza kukifungua.

"Hakuna," alisema.

Mabega ya mwanamume yule yalishuka, na hapohapo akaona aibu kwamba yameshuka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mtoto anaendeleaje?"

"Ameacha kusema."

*

Saa kumi na moja jioni korido ya wodi ya watoto ilikuwa na harufu ya sanitaiza na chipsi. Marie-Rose alikuwa ndani, amelala nusu kitandani, akimshikia Jeannette mkono wenye sindano. Kupitia kioo Prudensia aliona kichwa kidogo kwenye mto mweupe wa hospitali, kikigeuka huku na huku, hakipati mahali.

Daktari alikuwa amezungumza nao, na Flaviana alikuja kutoka kliniki kutafsiri. Macaire alimrudia Prudensia maneno yale kama mtu anayesoma orodha. Dawa itaivuta sumu kwenye damu. Namba itashuka. Itapanda tena kidogo, kwa sababu nyingine imeingia kwenye mifupa. Watairudia dawa.

"Nikamuuliza, na maneno yake yatarudi? Akasema tutangoja tuone." Macaire alimtazama. "Wewe umeziona kesi nyingi, dada. Yanarudi?"

"Kwa wengine yanarudi."

"Na kwa wengine?"

Prudensia alitazama faili aliyoishika. "Tutangoja," alisema.

Macaire alisogea karibu na kushusha sauti. Marguerite alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho wa korido, mikono mapajani. "Nakuomba kitu. Mama asijue kwamba ni mto. Mwambie ni rangi ya ukutani. Au mwambie ni mimi, ni mashine yangu. Atakufa huyu."

"Ripoti lazima iseme ukweli."

"Ripoti iko kwa Kiingereza. Yeye hasomi hata Kiswahili."

Prudensia alimwacha pale, akatembea hadi mwisho wa korido, akakaa kiti cha pili. Flaviana alikuwa amemtoa Marguerite damu mchana ule kwa hiari yake, bila kuombwa na mtu, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba naye alilivuta vumbi lile. Majibu yalikuwa ndani ya faili. Thelathini na nane. Fomu za programu ya Prudensia zilikuwa na kisanduku cha umri, kuanzia miezi sifuri hadi miezi sabini na miwili. Hapakuwa na kisanduku cha bibi. Alikuwa amempigia simu bosi wake mara mbili. Bosi alisema ni jambo la kusikitisha, kisha akauliza kama chanzo kimeondolewa, ili faili ifungwe.

"Mama," Prudensia alianza.

"Ni zile pumba," Marguerite alisema. Hakuwa anauliza.

Prudensia alikuwa ameyaandaa maneno matatu manne juu ya rangi ya ukutani. "Ndiyo, mama."

"Uliufunga mto ule kama unafunga maiti. Nikajua." Akanyoosha mkono. "Damu yangu ni nzuri? Nitoeni mumpe yeye."

"Haifanyiki hivyo. Na yako pia imeguswa. Kesho nitakutafutia daktari wa watu wazima."

"Mimi niacheni." Aliligusa goti la Prudensia kwa vidole vikavu. "Nipe kazi. Nimekaa hapa tangu saa nane, mama yake yuko ndani, wauguzi wako ndani, baba yake anazungumza na madaktari. Mimi ndiye ninayemlea. Niambie nifanye nini."

Kulikuwa na karatasi ambayo Prudensia aliigawa kwa kila familia. Aliijua kwa moyo. Mtoto apewe maziwa, mayai, maharage. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi. Viatu vibaki mlangoni. Alitafuta kwenye orodha ile kitu ambacho mtu angeweza kukifanya akiwa korido ya hospitali, jioni, wakati sumu imeshafika kwenye mifupa.

"Unawe mikono, mama. Kila mara kabla ya kumshika."

Marguerite alitikisa kichwa kukubali. Alisimama, akakunja mikono ya blauzi mpaka juu ya viwiko, akaenda kwenye sinki lililokuwa kando ya mlango wa wodi.

Prudensia alifungua faili mapajani, akajaza vilivyobaki. Chanzo: vumbi litokanalo na kusafisha maganda ya risasi, na mto. Chanzo kimeondolewa: ndiyo. Hatua za kisheria: hakuna. Aliandika jina lake, akaandika tarehe, akamwita Flaviana apitie majina ya dawa. Walizungumza dakika tano, labda sita.

Alipoinua macho maji yalikuwa bado yanamwagika. Macaire alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. "Mama, inatosha," alikuwa akisema. "Mama, zimetakata."

Marguerite hakugeuka. Alijaza sabuni kiganjani, akasugua katikati ya vidole, chini ya kucha, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akashuka. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye sinki na ngozi ya mikono yake ilikuwa imebadilika rangi. Nyuma ya kioo Jeannette alikuwa ameanza kulia, kilio kirefu kisicho na neno ndani yake.

Prudensia alikwenda, akanyoosha mkono mbele yake na kuufunga mfereji.

Marguerite aliitazama mikono yake inayodondosha maji, mbele, kisha nyuma. Akaufungua tena.